Kumjenga Mwanamichezo Chipukizi: Nguvu na Kasi Bila Kumvunja

Wasimamishe wavulana watatu wa miaka 13 kwenye mstari mmoja. Wa kwanza sauti imeshakuwa nzito na ndevu zimeanza kuchomoza. Wa pili miguu imerefuka ghafla hata viatu vya miezi sita iliyopita havimwingii, na akikimbia mikono inakwenda huku, miguu kule. Wa tatu bado ni mtoto mdogo kabisa. Vyeti vya kuzaliwa vinasema ni wa rika moja, lakini kimwili wanaweza kuachana kwa miaka minne au mitano. Kocha akiwapa wote mzigo mmoja na mbio za aina moja, mmoja atanufaika, mmoja atapoteza muda wake, na yule wa katikati huenda akaumia.

Nimewafundisha watoto kwa miaka mingi, na kama ningeruhusiwa kumwambia kila kocha na kila mzazi jambo moja tu, lingekuwa hili: kinachopanga mazoezi ya mtoto ni hatua ya ukuaji aliyofikia na jinsi anavyoutawala mwili wake. Tarehe ya kuzaliwa haitoshi, na hamu yetu sisi wakubwa ya kuona medali haifai kabisa kuwa kipimo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wapo makocha walioifanya methali hiyo kibali cha kumkamua mtoto. Lakini anayemkunja samaki mbichi humkunja taratibu, kwa vidole, akihisi pale anapogoma.

Hofu ya kudumaa

Swali la kwanza la wazazi huwa hilohilo: vyuma havitamdumaza? Hofu hii ina mzizi wa kweli. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hilo ni laini kuliko mfupa uliokomaa, kwa hiyo mtoto akianguka vibaya au akinyanyua mzigo asioumudu, linaweza kupasuka mahali ambapo mtu mzima angeteguka tu. Kwa kawaida hufunga na kuwa mfupa kamili mwishoni mwa balehe, wasichana wakitangulia wavulana kwa takribani miaka miwili.

Hata hivyo, mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayajaonekana kumpunguzia mtoto urefu. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja la kuyaunga mkono, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kina msimamo huohuo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo yale yanayoimarisha misuli na mifupa. Tena fikiria: mtoto anayeruka kutoka juu ya ukuta na kutua ardhini anaipa miguu yake nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Watoto hufanya hivyo siku nzima na hakuna anayewazuia. Dambeli ya kilo 2 mkononi mwa mtoto aliyefundishwa ni jambo dogo sana mbele ya hilo.

Wanaoumia kwa vyuma mara nyingi ni wale walioachwa peke yao navyo. Kidole kimebanwa, chuma kimeangukia mguu, vijana wawili wameshindana nani anaweza kunyanyua zaidi wakati hakuna mkubwa anayewaangalia. Dawa yake ni mtu mzima anayejua anachokifanya, macho yake yakiwa kwa watoto na si kwenye simu.

Jambo jingine ambalo wazazi wanapaswa kulielewa mapema: kabla ya balehe, mtoto hupata nguvu bila misuli kunenepa. Homoni za kukuza misuli bado ni kidogo. Kinachobadilika ni mishipa ya fahamu: ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli, kwa wakati mmoja na kwa mpangilio mzuri. Katika wiki 8 hadi 12 za mazoezi mazuri nguvu zinaweza kupanda kwa asilimia 30 au zaidi, na mkono ukabaki mwembamba kama ulivyokuwa. Usimsukume mtoto kwa sababu huoni misuli. Nguvu imeshaingia, imekaa ndani.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla hujamfundisha

Hakuna umri mmoja wa kuanza. Mtoto anayeweza kusikiliza maelekezo, kuyafuata na kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumbayumba yuko tayari kuanza mazoezi mepesi ya nguvu, na wengi hufika hapo wakiwa na miaka 7 au 8. Asiyeweza kusikiliza bado, mwache acheze: kukimbizana, kupanda, kurukaruka na kubiringika ni mazoezi tosha kabisa.

Kabla ya siku ya kwanza, kaa na mzazi umwulize maswali haya, na uyaulize kwa uzito wake. Mtoto amewahi kuzirai au kupata maumivu ya kifua akiwa anakimbia? Kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Ana pumu, kifafa, selimundu, shinikizo la damu au tatizo lolote la moyo? Amewahi kutibiwa saratani? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linamaanisha daktari kwanza, uwanja baadaye. Wengi wao wataruhusiwa kufanya mazoezi, wengine kwa masharti. Lakini kuzirai katikati ya mbio hakuhitaji mjadala. Usikubali maelezo kwamba "hakula vizuri asubuhi" mpaka moyo uwe umepimwa.

Hatua ya pili: pima urefu, tena na tena

Hapa ndipo makocha wengi hupapita mbio, na kwangu ndipo kazi ilipo. Bandika tepu ya kupimia ukutani. Kila baada ya miezi 3 mpime kila mtoto, bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kitabu kikilazwa bapa kichwani. Pima saa ileile kila mara, kwa sababu mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko anavyolala, na tofauti inaweza kufika sentimita nzima. Andika kwenye daftari.

Kabla ya balehe mtoto hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kisha hufika kipindi cha kufyatuka: kwa wasichana wengi ni karibu na miaka 12, kwa wavulana karibu na 14, ingawa mtoto mmoja mmoja anaweza kuwahi au kuchelewa sana. Msichana anaweza kuongeza sentimita 8 kwa mwaka, mvulana 9 au 10. Kwa hiyo ukiona daftari linasema sentimita 2 au zaidi kwa miezi 3, jua kipindi hicho kimeingia.

Kwa nini kiwe na uzito wote huu? Kwa sababu mifupa hurefuka kwanza, misuli na kano zikifuata nyuma. Kano zinavutwa, na kila hatua ya mbio na kila mruko vinaivuta sehemu laini ambako kano imejishika kwenye mfupa. Matokeo yake ni uvimbe mgumu unaouma chini ya kilegesambwa, kwenye ncha ya juu ya mfupa wa muundi; madaktari wanauita Osgood-Schlatter, kwa majina ya madaktari wawili waliouelezea mwaka 1903. Kwa watoto wadogo kidogo, kati ya miaka 8 na 14 hivi, hujitokeza nyuma ya kisigino, nao huitwa maumivu ya Sever. Si uvivu, wala si deko.

Na ufundi nao huyumba. Nilikuwa na binti aliyekuwa anachomoka kuliko wote kikosini, kisha ndani ya msimu mmoja akawa wa nne, wa tano, anajikwaa kwenye koni alizokuwa anazipita kama upepo. Nikamwongezea mbio. Akazidi kushuka, kisha magoti yakaanza kuuma, kisha akaacha kuja. Niliporudi kwenye daftari langu nilikuta nilikuwa sijampima kwa mwaka mzima. Mwili wake ulikuwa umebadilika urefu wa mapaja, urefu wa mikono, mahali ulipo uzito wake, na ubongo wake ulikuwa bado unaendesha mwili wa zamani. Alihitaji muda wa kuujua mwili mpya. Mimi nilimpa adhabu.

Katika miezi hiyo fanya hivi: punguza miruko na mbio za kasi kamili hadi karibu nusu, rudisha mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, endelea na nguvu kwa mizigo miepesi, na mfundishe upya vile alivyokwisha kuvijua, kama vile ni vigeni. Mwambie waziwazi kinachotokea. Mtoto akijua kwamba kushuka kwake kuna sababu na kutapita, hatajiona ameishiwa.

Hatua ya tatu: miondoko sita, bila uzito wowote

Kuchuchumaa, kuinama kwa nyonga, kupiga hatua ndefu na kushuka, kusukuma, kuvuta, na kukaza kiwiliwili. Mazoezi yote ya nguvu utakayoyaona kwenye jimu yoyote ni watoto wa hayo sita. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo zitumie hapa tu, uzito wa mwili pekee.

Kuchuchumaa: miguu ipanuke sawa na mabega, vidole vitazame nje kidogo, nyayo nzima ibaki chini. Mwambie akae kana kwamba kuna kigoda nyuma yake, tena weka kigoda cha kweli mwanzoni. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Yakiingia ndani yakagusana, hiyo ndiyo kasoro utakayoiona mara nyingi kuliko zote. Visigino vikinyanyuka, usimlaumu. Mpe kipande chembamba cha ubao chini ya visigino kwa wiki chache huku vifundo vikilegea.

Kuinama kwa nyonga ndiko kugumu zaidi kufundisha, na ndiko kunakoulinda mgongo maisha yote. Chukua fito ya mbao, iweke wima mgongoni mwa mtoto iguse sehemu tatu: kisogo, mgongo wa juu katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Mwambie asukume makalio nyuma kama anayefunga mlango kwa makalio akiwa amebeba mzigo mikononi, magoti yakilegea kidogo. Fito ikiacha kugusa hata sehemu moja, mgongo umepinda. Asimame aanze upya. Watoto huupenda mchezo huu wa fito kwa sababu wanajisahihisha wenyewe.

Mengine yanajieleza. Pushapu aanzie ukutani, kisha benchi, kisha chini. Pushapu 5 zilizonyooka zinashinda 20 za kiuno kilichobonyea. Kuvuta, atumie mpira wa kuvuta uliofungwa kwenye nguzo imara, au nondo ya chini ambayo miguu bado inagusa ardhi. Kukaza kiwiliwili, alale kifudifudi ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa mbao moja, sekunde 15 hadi 30. Dakika tatu za kutetemeka si sifa.

Hatua ya nne: uzito unaingia lini, na kwa kiasi gani

Uzito unaingia siku ambayo mtoto anafanya marudio 15 ya mwondoko mmoja, la 15 likifanana na la kwanza, katika vipindi viwili vinavyofuatana. Asipofika hapo, hata kama ana miaka 16 na mabega mapana, uzito unasubiri.

Anza na raundi 1 au 2 za marudio 8 hadi 12, siku 2 au 3 kwa wiki, kukiwa na angalau siku moja ya kupumzika katikati. Chagua mzigo ambao akimaliza bado angeweza kurudia mara 2 au 3 zaidi. Swali la kumwuliza ni hilohilo: "Umebakiwa na ngapi?" Akisema hana hata moja, umezidisha. Ongezeko liwe asilimia 5 hadi 10 tu, nalo lije baada ya ufundi kuthibitika. Kwenye mzigo wa kilo 10, hiyo ni nusu kilo hadi kilo moja. Kwa hiyo mizigo midogo midogo, mifuko ya mchanga uliopimwa na mipira ya kuvuta inawafaa watoto kuliko vyuma vikubwa vyenye kuruka kilo 5 kwa mkupuo.

Usimruhusu mtoto kujaribu uzito wa juu kabisa anaoweza kunyanyua mara moja. Huhitaji namba hiyo. Kama unataka kujua amepanda kiasi gani, hesabu marudio safi kwa mzigo uleule, au pima umbali anaoruka kwa miguu miwili akiwa amesimama.

Mtu mzima mmoja asisimamie zaidi ya watoto 10, na kwa wanaoanza wawe wachache zaidi. Mashine nyingi za jimu zimetengenezwa kwa mikono na miguu ya watu wazima. Mtoto akizifikia kwa kunyoosha vidole, aachane nazo.

Hatua ya tano: kutua kwanza, kuruka baadaye

Miruko ndiyo daraja kati ya nguvu na kasi, lakini mwalimu mzuri huanzia upande wa pili: anafundisha kutua. Mtoto asimame juu ya kidaraja cha sentimita 15 au 20, ashuke, atue kwa miguu miwili na agande kama sanamu kwa sekunde 3. Wewe funga macho usikilize. Mlio mkubwa wa "pwaa" maana yake mifupa ndiyo imepokea mzigo. Mlio mdogo maana yake misuli imefanya kazi yake. Kisha fungua macho utazame magoti: yasiporomoke kuelekeana.

Jambo la magoti kuingia ndani lina uzito zaidi kwa wasichana. Kuanzia balehe, hatari yao ya kuchana ligamenti ya mbele ya goti (kamba ngumu inayoshikanisha mifupa ya goti) ni kubwa mara kadhaa kuliko ya wavulana katika michezo ileile. Habari njema ni kwamba inapunguzika. Mfano unaojulikana ni programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+, yenye mazoezi 15 yanayochukua takribani dakika 20: kukimbia, nguvu, usawa, miruko, kubadili mwelekeo. Ilipojaribiwa nchini Norway kwa wachezaji wasichana wa miaka 13 hadi 17, katika utafiti uliochapishwa 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya kwa karibu nusu. Mazoezi ya namna hiyo hayahitaji kifaa chochote zaidi ya koni na mpira. Yaweke mwanzoni mwa kila kipindi, angalau mara 2 kwa wiki, na usiyaache msimu ukianza. Hapo ndipo wengi huyaacha.

Akishatua vizuri, aruke: kuruka mbele na kuganda, kisha kuruka mfululizo, kisha mguu mmoja. Hesabu kila mguso wa ardhi. Migusano 40 hadi 60 kwa kipindi inatosha anayeanza, vipindi 2 kwa wiki, juu ya nyasi, udongo laini au sakafu ya mbao, kamwe si juu ya zege. Kumrusha mtoto kutoka juu ya masanduku marefu ili "apate mlipuko" ni jambo la watu wazima waliokomaa kimazoezi.

Hatua ya sita: kasi

Mazoezi mengi yanayoitwa ya kasi si ya kasi. Mtoto akikimbia mita 100 mara 8 na kupumzika nusu dakika katikati, kuanzia ile ya tatu anafanya mazoezi ya kuvumilia uchovu, na mwili wake unajifunza kukimbia polepole kwa mtindo mbaya. Kasi hujengwa na mtu asiyechoka. Ubongo ndio unaofundishwa kutuma amri haraka, na ubongo uliochoka hutuma amri mbovu.

Kwa hiyo kasi inakuja mara tu baada ya kupasha mwili, kabla ya nguvu, kabla ya mpira, kabla ya chochote. Umbali ni mita 10 hadi 30. Mapumziko: dakika moja kwa kila mita 10 alizokimbia. Ndiyo, mita 30 na dakika 3 za kutembea na kupiga soga. Mzazi aliyekaa pembeni ataona mnapoteza muda, mweleze. Jumla ya umbali wa kasi kamili kwa anayeanza iwe mita 150 hadi 200, basi. Mita 20 mara 8 ni kipindi kizuri kabisa.

Ukiwa na saa ya kupimia muda, simamisha zoezi muda unapoanza kurudi nyuma. Usipokuwa nayo, tazama mabega na shingo: yakikakamaa na taya ikibana, siku imeisha kwa mtoto huyo, hata kama wenzake wanaendelea.

Kwa wadogo, kasi ivae nguo ya mchezo. Kufukuzana kwa jozi, kuchomoka kutoka kulala kifudifudi, kuchomoka mpira unapodondoka. Kwa wakubwa kidogo fundisha mwili kuinama mbele wakati wa kuchomoka, miguu ikisukuma ardhi nyuma, mikono ikitoka mfukoni hadi kidevuni. Mlima mdogo wenye mwinuko wa taratibu ni mwalimu bora kuliko maelezo yangu, kwa sababu unamlazimisha mtoto kusukuma na kuinua magoti bila kuambiwa.

Usisahau breki. Katika michezo ya mpira watoto huumia zaidi wanaposimama na kukata kona kuliko wanapochomoka. Afundishwe kupunguza mwendo kwa hatua fupi fupi za haraka, makalio yakishuka, kisha kugeuka. Kasi ya kuingia kwenye kona isizidi ile anayoweza kuipunguza kwa breki.

Na mbio zisiwe adhabu. Mtoto aliyechelewa akikimbizwa mizunguko 10, atajifunza kwamba kukimbia ni mateso, na kesho utashangaa kwa nini hajitumi.

Wiki moja inavyoweza kuonekana

Tuseme mtoto ana miaka 12, anacheza mchezo wa timu, ana mechi Jumamosi. Jumatatu ni dakika 15 za kupasha mwili na kutua, mbio 6 za mita 20, kisha nguvu kwa dakika 25: kuchuchumaa, pushapu, kuvuta, kukaza kiwiliwili. Jumanne ni mazoezi ya mchezo wake. Jumatano ni kupasha mwili, kubadili mwelekeo kwa dakika 10, kisha nguvu tena, safari hii kuinama kwa nyonga, hatua ndefu na kubeba mzigo mwepesi kwa kutembea. Alhamisi ni mchezo, mwepesi kidogo. Ijumaa hakuna kitu. Jumapili ni mapumziko ya kweli, si "mazoezi madogo tu".

Jumlisha saa zote za michezo iliyopangwa, pamoja na za shule na za klabu. Kanuni rahisi ninayoifuata: saa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 12, saa 12, na hapo bado sijasema azifikishe. Tatizo hutokea mtoto anapokuwa na makocha wawili wasiozungumza; kila mmoja anaona ametoa kidogo. Mzazi ndiye pekee anayeiona hesabu nzima. Mwaka nao uwe na miezi 2 au 3 ya kuachana na mchezo wake mkuu, si lazima kwa mfululizo, acheze mengine.

Chakula, usingizi, na makopo ya unga

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 usingizi unaohitajika ni saa 9 hadi 12, na kwa vijana wa 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10. Asiyelala hajengeki, hata programu iwe nzuri kiasi gani. Chakula kiwe cha kushiba, kwa sababu mwili huu una kazi mbili: kukua na kufanya mazoezi. Kikipungua, mwili huanza kukata matumizi, na mifupa na homoni ndizo huumia kimyakimya. Msichana aliyekuwa akipata hedhi kisha ikakatika kwa miezi 3 apelekwe kwa daktari. Usikubali kuambiwa ni dalili ya mazoezi mazuri. Na kocha asipime uzito wa watoto mbele ya wenzao, wala asitoe maneno kuhusu unene wao.

Unga wa kukuza misuli, vidonge vya nguvu na vinywaji vya kuchangamsha havina nafasi kwa mtoto. Zaidi ya madhara, baadhi ya bidhaa hizo hukutwa na dawa zilizokatazwa michezoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo.

Kuyasoma maumivu

Misuli inayouma pande zote mbili siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya, ikilegea mtoto akipasha mwili, ni kawaida. Maumivu ya upande mmoja, yanayoonyeshwa kwa kidole kimoja, karibu na kiungo, ni suala jingine. Mtoto anayechechemea hafanyi mazoezi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, na hasa akisema yuko sawa.

Yapo matatu ambayo ningetaka kila kocha ayajue. Kijana wa miaka 14 anayesikia mlio wa "pwa" nyuma ya paja au mbele ya nyonga akiwa anachomoka huenda hajachana msuli tu. Kano inaweza kuwa imeng'oa kipande cha mfupa, na inahitaji picha ya eksirei kabla ya mtu yeyote kumkanda. Mtoto anayelalamika goti wakati goti lenyewe halina kasoro, huku anachechemea na mguu umegeukia nje, akaguliwe nyonga upesi: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza kutoka mahali pake, na maumivu yake husafiri hadi gotini. Na maumivu ya mgongo wa chini yanayodumu zaidi ya wiki 2, yakizidi akijipinda kwa nyuma, yanaweza kuwa ufa mdogo wa uti wa mgongo uliotokana na kurudiarudia. Maumivu yanayomwamsha usiku, homa au uvimbe wa ghafla, hospitali bila kusubiri.

Kurudi baada ya jeraha kusipangwe kwa kalenda. Kwanza atembee bila kuchechemea, kisha kiungo kinyooke na kukunjika sawa na cha upande wa pili, kisha achuchumae kwa mguu mmoja bila kuyumba, kisha aruke kwa mguu ulioumia na kutua kimya kama kwa ule mzima. Baada ya hapo mbio za nusu kasi, siku mbili tofauti, na robo tatu siku nyingine mbili. Siku ya kwanza ya kasi kamili, mpe mbio tatu za mita 20, halafu mfungie siku yake hapohapo, hata akikuomba ya nne. Kesho yake asubuhi mpigie mzazi uulize goti limeamkaje.